Es'kia Mphahlele: Mwalimu na Mtunzi wa Hadithi Fupi

Wahenga wamesema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia yafaa kuwekwa mbele ya habari za mtu ambaye hakuwa baharia, wala hakuzaliwa karibu na pwani yo yote. Lakini maisha yake yalikuwa safari ndefu ya miaka ishirini ughaibuni, kisha akarejea ngamani mwa chombo alimotoka, ijapokuwa rafiki zake wengi walimsihi asirejee. Mtu huyo ni Es'kia Mphahlele wa Afrika ya Kusini, mtunzi wa hadithi fupi na profesa wa fasihi. Tumeona vema kumweleza kwa wasomaji wa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu moja ya maisha yake aliishi Nairobi, akafungua huko nyumba ya sanaa iliyokuwa na jina la Kiswahili, na mkusanyo wake bora wa hadithi ulipigwa chapa katika mji huohuo. Ya pili ni kwamba mashauri aliyokabiliana nayo maishani mwake, yaani shauri la elimu, shauri la lugha na shauri la kwao mtu ni wapi, ni mashauri yetu sisi pia.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1919 huko Marabastad, mtaa wa Waafrika katika mji wa Pretoria, akapewa jina la Ezekiel. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi alipelekwa kijiji cha Maupaneng, upande wa kaskazini wa Transvaal, akakaa na bibi yake mzaa baba. Huko alichunga ng'ombe na mbuzi, akaogopa milima na mito, na usiku akasikiliza hadithi za wazee penye moto. Ni jambo la kukumbukwa kwamba mwandishi huyu, ambaye baadaye alijulikana kwa habari za mitaa ya mjini, alisikia hadithi za kwanza kwa masikio kabla hajazisoma kwa macho, wala hakuzisikia kwa Kiingereza.

Alirudishwa Pretoria mwaka 1932. Nyumba ya wazazi wake haikuwa na amani. Baba yake alikuwa mlevi na mkali, na siku moja alimmwagia mkewe chungu cha mchuzi wa moto. Mama akapelekwa hospitali, baba akashitakiwa. Akaondoka, na watoto hawakumwona tena. Tangu siku hiyo kijana alilelewa katika nyumba ya bibi yake mzaa mama, katika barabara iitwayo Second Avenue, pamoja na Dora, ndugu ya mama yake. Wanawake hawa waliendesha nyumba kwa kufua nguo za Wazungu na kupika pombe kwa siri. Kijana alikwenda katika mitaa ya Wazungu kuchukua nguo chafu, akazirudisha zikiwa safi. Na usiku polisi walikuja kuchimbua ua wakitafuta madebe ya pombe yaliyofukiwa. Mama yake mwenyewe alikuwa mtumishi wa nyumbani, akitoa katika mshahara wake mdogo karo ya shule. Msomaji akizishika habari hizi hatastaajabu kuona kwamba katika hadithi za mtu huyu wanawake ndio nguzo za nyumba, na kwamba jiko la Mzungu linaonekana kwa macho ya yule anayelifagia.

Kwa juhudi za mama yake alipata kusoma katika shule ya sekondari ya St. Peter's, Johannesburg, mahali ambapo Peter Abrahams, mwandishi mwingine maarufu wa nchi ile, alisoma pia. Kisha akaenda Adams College katika Natal, akatoka na cheti cha ualimu mwaka 1940. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Ezenzeleni, nyumba ya vipofu huko Roodepoort, tangu mwaka 1941 hata 1945. Huko alikuwa karani na mwalimu. Na baada ya kazi za mchana alisoma peke yake kwa ajili ya mitihani, akaanza kuandika hadithi. Mwaka 1945 alimwoa Rebecca Mochadibane, akaingia shule ya Orlando kufundisha Kiingereza na Kiafrikaansi. Mwaka 1946 kitabu chake cha kwanza, Man Must Live, kilipigwa chapa katika mji wa Cape Town. Kilikuwa mkusanyo mdogo wa hadithi fupi, moja ya mikusanyo ya mwanzo ya hadithi za Kiingereza iliyotolewa na mwandishi Mwafrika katika nchi ile.

Hadithi iliyokipa kitabu hicho jina inamweleza Zungu, askari wa stesheni ya reli, mtu mwenye sauti kubwa ambaye huwaelekeza wasafiri na kujiona kuwa bila yeye treni haziendi. Falsafa yake ni moja tu, kwamba mtu hana budi kuishi. Anamwoa mjane mwenye mali, na kwa ndoa hiyo anaanguka, akapoteza kazi, heshima na nyumba. Lakini bado anashikilia neno lake. Mwenyewe Mphahlele hakukisifu kitabu hicho baadaye. Alikiri kwamba alipokiandika alikuwa bado anakimbia mambo yaliyomzunguka, kisha akapita katika uandishi wa kulalamika, na mwisho akatamani kufika mahali ambapo malalamiko na ukubali wa maisha hukutana. Ni wachache kati ya waandishi wetu wanaojipima wazi hivyo. Hata hivyo mbegu ilikuwa imepandwa: mtu mdogo, asiyejulikana na serikali ila kwa namba ya kipande chake, amefanywa kuwa mtu mkuu wa hadithi.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini hadithi fupi, wala si riwaya? Mphahlele mwenyewe alilieleza jambo hili zaidi ya mara moja. Mwafrika wa mijini katika nchi ile aliishi katika chumba kimoja na jamaa wengi; alipanda treni kabla ya alfajiri na kurudi usiku; aliweza kufukuzwa katika nyumba yake kwa amri ya siku moja. Riwaya yataka miezi na miaka ya utulivu, na utulivu ni mali ambayo hakuwa nayo. Hadithi fupi yaweza kuandikwa katika masaa yaliyoibwa, na yaweza kuuzwa kwa gazeti. Kwa hiyo ufupi wa hadithi zile haukuwa pambo la sanaa tu, bali ulikuwa alama ya maisha yaliyozizaa.

Sasa tufikie jambo lililomgeuza mwalimu huyu kuwa mkimbizi. Mwaka 1951 kamati iliyoongozwa na W. W. M. Eiselen ilitoa taarifa yake juu ya elimu ya Waafrika, na mwaka 1953 ikafuata sheria iitwayo Bantu Education Act. Shabaha yake ilikuwa kuziondoa shule za Waafrika katika mikono ya misheni na kuziweka chini ya serikali, ili mtoto Mwafrika afundishwe kadiri ya kazi za chini alizowekewa katika nchi yake mwenyewe. Chama cha walimu wa Kiafrika wa Transvaal kilipinga mashauri hayo tangu mwanzo, na Mphahlele alikuwa katibu wake. Mwaka 1952 yeye na wenzake wawili, Isaac Matlhare na Zephania Mothopeng, wakafukuzwa kazi, naye akapigwa marufuku kufundisha katika shule za serikali. Basi mtu aliyekuwa na wito mmoja tu akazuiwa kuufuata. Alifundisha kwa muda mfupi katika Basutoland, nchi ambayo sasa ni Lesotho. Kisha mwaka 1955 akaajiriwa na gazeti la Drum mjini Johannesburg, akawa mwandishi wa habari na mhariri wa hadithi.

Drum lilikuwa gazeti la picha, la michezo, la habari za wahuni na za siasa, nalo liliwapa nafasi vijana wengi wenye vipaji, kama Can Themba, Bloke Modisane na Lewis Nkosi. Humo Mphahlele alitoa katika miaka ya 1956 na 1957 mfululizo wa hadithi za jamaa wa Lesane, hadithi ambazo zimejaa sauti za majirani, mizaha, ugomvi na huruma. Lakini hakujiona kuwa mwandishi wa magazeti. Moyo wake ulikuwa darasani. Usiku aliendelea na masomo yake ya chuo kikuu kwa njia ya posta: alikuwa amekwisha kupata shahada ya B.A. mwaka 1949, na mwaka 1957 akapata ya M.A. kwa daraja la juu kabisa, kwa kuandika juu ya sura ya mtu asiye Mzungu katika hadithi za Kiingereza za Afrika ya Kusini. Tazama kinyume hiki: serikali ilisema hafai kufundisha watoto, na katika nchi hiyohiyo chuo kikuu kilisema kuwa ni msomi wa daraja la kwanza. Septemba 1957, baada ya kungoja ruhusa kwa muda mrefu, alipewa pasipoti, akaondoka kwenda Nigeria.

Katika Nigeria alifundisha kwanza shule mjini Lagos, kisha akawa mwalimu wa masomo ya nje ya chuo kikuu cha Ibadan. Mwaka 1959 kilitoka London kitabu chake kijulikanacho kuliko vyote, Down Second Avenue, habari za maisha yake tangu Maupaneng hata kuondoka. Kimepata wasomaji katika lugha nyingi. Si kitabu cha kujisifu. Ni kitabu cha mtu anayejaribu kuhesabu alichonyang'anywa na alichobakiwa nacho. Katika Ibadan alishiriki pia katika uhariri wa gazeti la Black Orpheus pamoja na Ulli Beier na Wole Soyinka, na katika kuanzishwa kwa klabu ya Mbari mwaka 1961, mahali pa kukutania waandishi na wachoraji. Mwaka huohuo kilitoka Ibadan kitabu cha hadithi, The Living and Dead.

Humo mna hadithi inayofaa kutajwa. Stoffel Visser, Mzungu, ni katibu wa kamati inayotaka watumishi Waafrika waondolewe katika mitaa ya Wazungu. Asubuhi moja mtumishi wake, Jackson, hakuonekana. Bwana hana chai, hana mtu wa kumpikia, na katika shida yake ndogo anagundua kwamba hajui lo lote juu ya mtu aliyekuwa chini ya paa lake kwa miaka. Mwandishi hapigi kelele wala hahubiri. Anaweka tu chai isiyoletwa juu ya meza, na msomaji anaelewa. Vivyo hivyo katika hadithi iitwayo The Suitcase: Timi, mtu asiye na kazi, siku ya kuamkia mwaka mpya anachukua sanduku lililoachwa ndani ya basi, akitumaini kwamba bahati imemwangukia. Polisi wanamkamata, sanduku linafunguliwa, na ndani mna maiti ya mtoto mchanga. Mtu maskini amekamatwa na tamaa yake ndogo, na nyuma yake iko msiba wa mtu mwingine asiyeonekana.

Agosti 1961 Mphahlele alihamia Paris kusimamia kazi za Afrika katika shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom. Kwa kazi hiyo alishiriki sana katika kuandaa mkutano wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza, uliofanywa katika Chuo cha Makerere, Kampala, Juni 1962. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Lewis Nkosi, Grace Ogot, Rebecca Njau, na kijana mwanafunzi wa hapo hapo Makerere ambaye sasa ulimwengu wote unamjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Ulikuwa mkutano mkubwa na wenye matunda. Lakini sisi tunaoshughulika na Kiswahili hatuwezi kuutaja bila kusema neno moja. Mwezi huohuo wa Juni 1962 alifariki Shaaban Robert, aliyekuwa amekwisha kuandika mashairi, insha na riwaya zilizosomwa Afrika ya Mashariki yote. Kwa kuwa hakuandika kwa Kiingereza, masharti ya mkutano hayakumhusu. Waandishi wa Kiafrika walikusanyika katika Afrika ya Mashariki kuuliza fasihi ya Kiafrika ni nini, na fasihi ya lugha kubwa ya Afrika ya Mashariki haikuwa ndani ya swali.

Hoja hii haikukawia kutolewa. Mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria aliandika katika gazeti la Transition, lililokuwa likitolewa Kampala, kwamba fasihi ya Kiafrika iliyoandikwa kwa lugha za Ulaya haina njia ya kuendelea mbele. Mphahlele alikuwa mmoja wa waliomjibu katika gazeti hilohilo, akaitetea haki ya mwandishi kutumia Kiingereza au Kifaransa. Tumpe haki yake. Katika nchi yake lugha za Kiafrika zilikuwa zimechukuliwa na watawala na kufanywa ukuta: kila kabila na shule yake, kila shule na lugha yake, ili watu wasisikilizane wala wasisome vitabu vya ulimwengu. Kwa mtu wa Orlando, ambako Msotho, Mzulu na Mxhosa walikaa mlango kwa mlango, Kiingereza kilikuwa njia ya kutoka gerezani. Sisi tulikuwa na Kiswahili, ambacho hakikuwa cha kabila moja wala hakikuletwa na mtawala, nacho kiliwaunganisha watu badala ya kuwatenga. Kwa hiyo hoja yake ilikuwa na nguvu kule ilikotoka, lakini haiwezi kuhamishwa na kupandwa kila mahali. Tunaona kwamba kosa la mkutano wa Makerere halikuwa kuwaita waliotumia Kiingereza, bali kuwaacha watu wengine wadhani kwamba hao ndio wote.

Agosti 1963 Mphahlele alifika Nairobi kuanzisha nyumba ya sanaa iliyoitwa Chemchemi. Jina hilo lilichaguliwa vizuri, maana chemchemi haileti maji kutoka mbali, bali huyafunua yaliyomo ardhini. Kulikuwa na mafunzo ya uandishi, michezo ya kuigiza, maonyesho ya picha na muziki. Naye alisafiri mikoani kuzungumza na walimu na wanafunzi juu ya kutunga. Mwongozo mdogo alioandika juu ya utungaji wa hadithi fupi na riwaya ulitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1966. Tangu 1965 alifundisha katika chuo kikuu cha Nairobi. Pamoja na Ellis Ayitey Komey alikusanya Modern African Stories, kitabu kilichotoka London mwaka 1964 na kuingia katika shule nyingi.

Hapana budi kutaja jambo moja lililotia doa kazi za miaka ile. Katika mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba fedha za Congress for Cultural Freedom zilitoka kwa siri katika idara ya ujasusi ya Marekani, CIA. Klabu ya Mbari, mkutano wa Makerere na Chemchemi vyote vilikuwa vimepata msaada wa shirika hilo. Mphahlele alijibu hadharani katika Transition kwamba hakuna aliyemwamuru aandike nini au afundishe nini. Msomaji wa leo anaweza kuyaamini maneno hayo na bado akahuzunika, kwa kuwa fedha zilitolewa kwa shabaha moja na zikatumiwa kwa shabaha nyingine, na waliokunywa maji hawakuambiwa ni nani aliyechimba kisima. Lakini hadithi zilizoandikwa hazikuwa za mwenye fedha. Zilikuwa za walioziandika.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ni mkusanyo wa In Corner B, uliotolewa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1967. Humo mna hadithi ya Talita, mjane anayeketi matangani huku moyoni akikumbuka barua ya mwanamke mwingine aliyoiona katika nguo za mumewe. Na mna hadithi ndefu ya Mrs Plum, ambayo wengi huihesabu kuwa kilele cha kazi yake. Msimulizi wake ni Karabo, msichana kutoka kijiji cha Phokeng, mtumishi katika mtaa wa Greenside, Johannesburg. Bibi wa nyumba ni Mzungu mpenda haki: anaandika kuitetea haki ya Waafrika, anamketisha Karabo mezani pake, na siku polisi walipoingia uani kwake kuwasaka watumishi anawamwagia maji ya mpira wa bustani, akapendelea kufungwa kuliko kulipa faini. Lakini bibi huyohuyo ana mbwa wawili, Monty na Malan, anaowapenda kupita kiasi. Na uvumi ulipoenea kwamba watumishi watawatilia mbwa wa Wazungu sumu, anamfukuza kijana aliyewatunza. Tena Karabo alipofiwa na mjomba wake, akataka ruhusa ya kwenda matangani, bibi anaanza kuhesabu siku na mshahara. Karabo akaondoka. Mwisho ni bibi anayefunga safari mpaka Phokeng kumwomba arudi.

Uzuri wa hadithi hii ni kwamba Karabo hamchukii bibi yake wala hamwabudu. Anamtazama. Anajifunza kushona, anajifunza siasa katika klabu ya wanawake, na polepole anatambua kwamba kupenda haki ya watu walio mbali ni rahisi kuliko kumjua mtu mmoja aliye jikoni. Kiingereza chake kimefuata mwendo wa lugha ya Karabo mwenyewe, sentensi kwa sentensi, kiasi kwamba msomaji wa Kiswahili hujiona yuko nyumbani. Mwanafunzi atakaye zoezi la kufasiri hatapata kazi bora kuliko hii, wala iliyo ngumu kuliko hii, kwa kuwa mwandishi amekwisha kumfasiri Karabo mara moja, na mfasiri lazima amrudishe Afrika bila kumvunja.

Mwaka 1966 serikali ya Afrika ya Kusini iliwaweka waandishi wengi waliokuwa nje katika orodha ya watu ambao maneno yao hayaruhusiwi kunukuliwa nchini, na Mphahlele alikuwamo. Mwaka huohuo alikwenda chuo kikuu cha Denver, Marekani. Badala ya taarifa ya utafiti aliruhusiwa kutoa riwaya, naye akapata shahada ya udaktari mwaka 1968. Riwaya hiyo, The Wanderers, ilitoka mwaka 1971; inamfuata mwalimu mkimbizi katika nchi za kubuni ambazo msomaji huzitambua kuwa Nigeria na Kenya. Alifundisha Zambia tangu 1968 hata 1970, akarudi Denver, kisha tangu 1974 akawa katika chuo kikuu cha Pennsylvania. Alikuwa na cheo, mshahara na maktaba. Alichokosa ni mahali. Alisema mara nyingi kwamba mwalimu anayefundisha wanafunzi wasio wake, katika nchi ambayo historia yake haimhusu, anafanya kazi kama mtu anayepanda katika shamba la kukodi.

Julai 1976, majuma machache baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaansi, aliruhusiwa kuzuru nyumbani. Na mwaka 1977 akarudi moja kwa moja. Uamuzi huo ulileta maneno makali. Wengi waliokuwa uhamishoni walisema kwamba kurudi wakati ule ni kuitia nguvu serikali ya ubaguzi, na kwamba mtu mwenye jina lake angeweza kusaidia zaidi akiwa nje. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata matukio ya kwanza yalionekana kuithibitisha: chuo kikuu cha Kaskazini kilitaka kumpa kiti cha profesa wa Kiingereza, lakini serikali ikakataa. Profesa wa Pennsylvania akawa mkaguzi wa shule katika Lebowa, akizunguka katika shule za vijijini za elimu ileile aliyofukuzwa kwa kuipinga miaka 25 kabla.

Lakini tukimhukumu, tumhukumu kwa kipimo alichojiwekea, nacho ni kipimo cha mwalimu. Mwaka 1979 aliingia chuo kikuu cha Witwatersrand kama mtafiti, akawa profesa wa kwanza Mwafrika katika chuo hicho, na mwaka 1983 akaanzisha Idara ya Fasihi ya Kiafrika. Mpaka wakati ule mwanafunzi wa Johannesburg aliweza kumaliza masomo yake ya fasihi bila kukutana na bara lake mwenyewe. Alistaafu mwaka 1987, lakini hakuacha kufundisha watu wa mitaani na vijijini. Katika miaka hiyo alitoa riwaya ya Chirundu mwaka 1979 na kitabu cha pili cha maisha yake, Afrika My Music, mwaka 1984. Jina la Ezekiel aliliacha, akajiita Es'kia, kama watu wa kwao walivyolitamka. Yule aliyekuwa mtetezi wa Kiingereza alianza kusisitiza utu wa Kiafrika na thamani ya lugha za wenyeji. Hatuoni kwamba alijikana. Tunaona kwamba mtu aliyekwisha kutoka gerezani kwa mlango mmoja aliweza sasa kutazama nyumba nzima.

Mwaka 1998 Rais Nelson Mandela alimtunukia nishani ya taifa ya Southern Cross. Alifariki Lebowakgomo, katika mkoa wa Limpopo, tarehe 27 Oktoba 2008, akiwa na umri wa miaka 88, karibu na nchi ile aliyochungia mbuzi utotoni.

Tukiyajumlisha haya, twaona mafunzo matatu. Kwanza, hadithi fupi si mtoto mdogo wa riwaya. Katika mikono ya mtu anayejua kutazama, yaweza kubeba nchi nzima ndani ya jiko moja. Pili, darasa na kalamu si kazi mbili zinazoshindana. Mphahlele aliandika kwa kuwa alikatazwa kufundisha, na alifundisha ili wengine waandike. Tatu, lugha ya mwandishi lazima ihukumiwe kwa kuangalia imemfungulia nani mlango na imemfungia nani. Kwa Mphahlele Kiingereza kilifungua mlango wa Orlando kuelekea ulimwenguni, na katika mkutano wa Makerere kilimwacha Shaaban Robert nje. Jengo la Chemchemi liliishi miaka michache tu, na jina lake lilikuwa la Kiswahili ilhali kazi zake nyingi zilikuwa za Kiingereza. Lakini jina ni ahadi. Wanaotunga hadithi fupi kwa Kiswahili leo, na wanaozifundisha shuleni, ndio wanaoweza kuitimiza.